Binti Anapoomba Kusomea Upasuaji, Tusimfungie Mlango

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii tunapenda kuzungumzia jambo linalotokea majumbani mwetu, nalo ni nadra kutajwa mimbarini.

Mama zetu na dada zetu wanapopatwa na maradhi yanayohitaji kisu, neno letu la kwanza hospitalini ni hili: hakuna daktari wa kike? Swali hilo ni la haki, kwani stara ni sehemu ya dini yetu. Lakini binti yetu aliyekwisha kuwa daktari anapotaka kuomba nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji, sisi ndio wa kwanza kumkatisha tamaa. Tunamwambia umri unakwenda, wachumba watakimbia, kazi hiyo ni ya wanaume. Basi huyo daktari wa kike tunayemdai atatoka wapi?

Uchungu huu si wa leo. Abul Qasim Al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha Tasrif chenye sehemu 30, na ya mwisho aliitenga kwa upasuaji. Alipofikia kutoa mawe ya kibofu kwa wanawake, alieleza kuwa mwanamke mwenye haya hatakubali kujifunua kwa tabibu wa kiume, akashauri atafutwe mwanamke mjuzi, huku akisikitika kuwa wa namna hiyo ni adimu. Imepita miaka elfu moja, na sisi bado tunasikitika vile vile.

Hatukatai kwamba njia ni ndefu. Nchini Tanzania shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Baadaye daktari huomba nafasi chuo kikuu, au hupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoasisiwa mwaka 1999, chenye makao yake Arusha. Huko hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa: miaka 2 ya uanachama, kisha kwa kawaida 3 hadi ubingwa. Kila upasuaji anaoshiriki huuandika, na hutahiniwa kwa maandishi na ana kwa ana. Mwenye mzigo huo anahitaji nyumba inayombeba, si nyumba inayomlaumu.

Wala hatusemi ndoa iachwe. Tunasema ndoa isifanywe kisingizio. Mume akubaliane naye mapema juu ya zamu za usiku. Bibi na mashangazi wasaidie kulea. Baba amsindikize kwa dua badala ya manung'uniko.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa ni faradhi kifaya: wakipatikana wa kutosha, wengine wamesalimika, wasipopatikana, lawama ni ya umma mzima. Na hawajatosha. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama na wa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji.

Enyi wazazi, fomu hiyo ikiletwa sebuleni, tuisome pamoja naye kabla ya kusema hapana. Huenda mgonjwa atakayelala mbele yake siku moja akawa ni mama yetu.

Wabillahi tawfiq.