Lubumbashi: Shule ya Kalebuka yaonyesha gharama ya neno «bure»

Kalebuka ni mtaa ulio pembezoni mwa mji wa Lubumbashi, jimboni Haut-Katanga. Huko iko shule ya wasichana ambako mzazi haombwi hata franka moja. Watoto wanapewa sare, wanakula shuleni, wanafundishwa Kifaransa na Kiingereza, na umeme wa madarasa unatokana na jua. Ni shule ya shirika la Malaika. Wageni wanaoitembelea huisifu sana, na wana haki. Lakini ziara ya Kalebuka inaacha swali moja: ikiwa kusoma bure ni hivi, je, shule ya serkali, ambayo nayo inaitwa ya bure, inakosa nini?

Historia ya shule hiyo inaanzia ndani ya familia moja. Mwanzilishi wake, Noëlla Coursaris Musunka, ni mzaliwa wa Lubumbashi. Alikuwa na miaka 5 baba yake alipofariki. Mama, kwa kukosa uwezo wa kumlea, alimtuma kwa ndugu zao Ulaya, na huko ndiko alikosomea. Baadaye akawa mwanamitindo. Mwaka wa 2007 alianzisha shirika hilo, na mwaka wa 2011 shule ikafungua milango kwa wasichana 104. Leo ni zaidi ya 400, toka watoto wadogo hadi sekondari.

Jambo la kwanza la kutazama Kalebuka haliko darasani, liko kwenye kisima. Msichana anayeamka kabla ya jua kutafuta maji na bidoni kichwani anafika shuleni akiwa amechelewa na amechoka, au hafiki kabisa. Ndiyo maana shirika lilichimba visima katika mtaa. Mwaka wa 2013 lilifungua pia kituo cha jamii kwa msaada wa FIFA, ambako vijana wanacheza na watu wazima wanajifunza kusoma na kuandika. Chakula nacho kina kazi ileile. Kwa familia inayoishi na makuta ya siku, mtoto anayekula shuleni si mzigo tena, na mzazi hana sababu ya kumbakiza nyumbani ili auze karanga barabarani.

Kwa upande wa serkali, sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Hata hivyo, kwa miaka mingi wazazi waliendelea kulipa. Desturi hiyo ilitoka miaka ya 1990, wakati mishahara ya walimu ilipokosa thamani na migomo ikafunga shule. Wazazi walikubali kuchanga ili watoto wasipoteze mwaka. Suluhisho la dharura likageuka kuwa kawaida, na sehemu ya makuta hayo ikawa inapanda hadi kwenye ofisi za juu za elimu.

Mwezi wa Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi aliamuru kifungu hicho kitekelezwe. Watoto wengi waliokuwa nje walirudi shuleni, na mwaka wa 2020 Benki ya Dunia ilikubali kusaidia sekta ya elimu kwa dola milioni 800. Hayo ni mafanikio ambayo hakuna wa kuyakana. Lakini milango ilifunguliwa kabla ya madarasa kuongezwa. Watoto walibanana, wengine wakakaa chini. Kuna walimu waliofundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo, na migomo ilivuruga mwanzo wa masomo mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024 katika majimbo kadhaa.

Hapo ndipo Kalebuka inatoa somo lake. Masomo ya bure hayana maana kwamba hakuna anayelipa. Maana yake ni kwamba anayelipa ni mwingine, si mzazi. Kalebuka wanaolipa ni wafadhili, na malipo yao yanamfikia mwalimu, yanafika jikoni na kwenye daftari. Katika shule nyingi za umma, anayepaswa kulipa ni hazina ya serkali. Hazina inapochelewa, gharama inarudi kwa mzazi kwa mlango wa nyuma: leo mchango wa chaki, kesho wa mlinzi, kesho kutwa wa kumtia moyo mwalimu.

Kuna pia mpaka wa darasa la sita. Bure ya serkali inaishia hapo. Kuanzia darasa la saba mzazi anarudi kulipa, na katika nyumba isiyo na uwezo mara nyingi ni kaka anayeendelea na dada anayebaki. Shule ya Malaika inavuka mpaka huo, na kwa msichana wa Kalebuka pengine hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote.

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Wasichana 400 ni wachache katika mji wenye watu zaidi ya milioni 2. Tena, msaada una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuondoa mkono. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kote Kongo miradi ilifungwa kwa muda mfupi sana. Nchi haiwezi kujenga haki ya mtoto juu ya moyo mwema wa wageni.

Na Haut-Katanga si jimbo maskini. Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo linakochimbwa madini, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makampuni yanadaiwa pia asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Wanaosimamia sehemu hizo wanaweza kuulizwa, kila mwaka, ni visima vingapi na madarasa mangapi yametoka humo.

Hakuna anayeidai serkali ijenge Malaika katika kila mtaa. Ianze na mambo matatu ambayo Kalebuka imeyathibitisha: maji karibu na shule, sahani moja ya chakula saa sita, na mwalimu anayelipwa kila mwezi. Bila hayo, mtoto wa maskini ataambiwa kwamba shule ni ya bure, na bado atarudishwa nyumbani.