Siku ya Mapumziko Haihalalishi Kamari

Miongoni mwa shubha zinazopenyezwa kwa vijana wa Kiislamu wanaoishi Marekani, iko moja inayovaa kanzu ya elimu. Mwenye shubha hii hasemi kwamba kamari ni halali. Husema kwamba yeye hachezi kamari, kwa sababu habahatishi bali anahesabu. Tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoibatilisha, Mei 2018, sheria ya mwaka 1992 iliyoyazuia majimbo kuruhusu kamari ya michezo, hoja hii imepata soko kubwa, na mfano wanaoupenda ni wa besiboli: timu iliyopumzika jana, wanadai, hucheza vizuri leo, basi aijuaye ratiba ameijua njia ya chumo. Kwa kuwa wanajisifia hesabu, tuanze na hesabu.

Lililo kweli tulikiri. Ligi Kuu ya Besiboli huichezesha kila timu michezo 162 katika siku zipatazo 187. Wachezaji, kupitia chama chao, walidai mapumziko katika mkataba wa kazi, na kuanzia mwaka 2018 wakaongezewa siku nne. Mrushaji anayeanza mchezo kwa desturi huupumzisha mkono siku nne au tano, na siku isiyo na mchezo humpa kocha nafasi ya kupanga zamu upya na kuwapumzisha warushaji wa akiba. Safari nazo huchosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopitia michezo zaidi ya 40,000 ya miaka 20, ulikuta kwamba kuvuka majira ya saa, hasa kuelekea mashariki, hudhoofisha uchezaji. Kwamba mapumziko yana athari, hatubishani.

Lakini ni nani asiyeijua ratiba? Hutangazwa kabla ya msimu kuanza. Kampuni ya kamari inayo, na wataalamu wa hesabu inao, na athari ya mapumziko imekwisha kuingizwa katika kiwango cha malipo kabla kijana hajagusa simu yake. Kisha kampuni hukata fungu lake. Katika dau la kawaida la pande mbili zilizo sawa, mtu huweka dola 110 ili apate faida ya dola 100. Akipatia nusu na kukosa nusu, amekula hasara. Yambidi apatie zaidi ya mara 52 katika kila 100 ili asipoteze kitu.

Tazama pia uchache wa ushahidi wake. Ukiacha mapumziko ya katikati ya msimu, timu hupata siku 20 hivi zisizo na mchezo. Tuseme imeshinda mara 12 katika michezo 20 iliyofuata mapumziko. Mbahatishaji hushangilia kwamba amegundua siri. Rusha sarafu mara 20: uwezekano wa upande ulioutaja kutokea mara 12 au zaidi ni takriban mmoja katika minne. Ni siri gani hiyo inayojulikana hata na sarafu? Na timu ikishindwa baada ya mapumziko, jibu liko tayari: wapigaji walipoa, wakapoteza mazoea ya mpira. Ikishinda, walipumzika. Dai lisiloweza kukanushwa na tokeo lolote si elimu, ni ramli. (Serikali ya Tanzania, kwa bahati njema, huiita biashara hii kwa jina lake: michezo ya kubahatisha.)

Ama upande wa sheria, kiasi cha ujuzi hakijapata kuwa ndicho kipimo. Wanazuoni wameieleza kamari kuwa ni mapatano ambayo kila mmoja yu baina ya kupata na kupoteza, mali ya huyu ikihamia kwa yule kwa tukio lisilojulikana mwisho wake. Katazo la Suratul-Maida halikumtenga mjuzi na mjinga. Wapo wanaoshikilia zawadi za mbio za farasi na ngamia na za kulenga mishale. Hizo ziliruhusiwa kwa washindani wenyewe, kwa kuwa ni matayarisho ya vita. Kijana aliyeketi na simu mkononi hapandi farasi wala harushi mpira.

Madhara nayo yamedhihirika. Juni 2024 ligi ilimfungia maisha mchezaji Tucupita Marcano kwa kuweka madau juu ya besiboli, hata ya timu yake. Februari 2025 mkalimani wa zamani wa Shohei Ohtani alihukumiwa kifungo cha miezi 57, baada ya kuiba karibu dola milioni 17 za mwajiri wake kwa ajili ya kamari. Novemba mwaka huohuo warushaji wawili wa Cleveland walishitakiwa kwa kupanga mitupo na wacheza kamari. Wao waliyakana mashtaka. Ligi ikatangaza kwamba dau la mtupo mmoja lisizidi dola 200. Haikulikataza! Itawezaje, nayo ina mikataba na kampuni hizohizo?

Maimamu walioko huko tunawaomba waitaje shubha hii waziwazi katika khutba zao. Wasitosheke kusema kwamba kamari ni haramu. Kijana huyu analikubali hilo. Anachokikataa ni kwamba anaicheza.