Uzazi wa bure: kituo cha afya kinalipwa lini?

Tangu tarehe 5 Septemba 2023, rais Félix Tshisekedi alipouzindua mpango wa uzazi bila malipo mjini Kinshasa, kabla haujapanuliwa katika majimbo mengine, neno «bure» limetembea haraka kuliko feza. Kwenye karatasi mpango ni mzuri: mama mjamzito apimwe, azae, apasuliwe ikibidi, na mtoto atunzwe siku zake 28 za kwanza, jamaa isitoe hata franka moja. Huku mashariki nani ataupinga? Sote tunajua wamama waliozaa salama kisha wakazuiliwa hospitalini kama wafungwa, kwa sababu bwana alikuwa angali anatafuta mtu wa kununua mbuzi.

Ila glovu, uzi wa kushonea, dawa ya kuzuia damu na mafuta ya jenereta bado vinanunuliwa. Mpango ulivyopangwa, kituo kinahudumia kwanza, kinaandika fakture, fakture inahakikiwa, kisha Mfuko wa Mshikamano wa Afya unalipa. Ugonjwa uko hapo katikati, katika siku za kungojea. Hospitali ya mjini inaweza kukopa dawa kwa mwenye famasi anayeifahamu. Kituo cha kijiji kule Shabunda kitakopa kwa nani? Fakture ikichelewa, muuguzi anabaki na njia mbili: kuwarudisha wamama nyumbani, ama kumwambia mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, alete kitu kidogo.

Ni rahisi kumwita mwizi. Lakini wauguzi wengi wa inchi hii hawako kwenye orodha ya mishahara ya serkali. Miaka yote wameishi kwa kile mgonjwa analipa. Kuondoa malipo hayo bila kuweka mshahara mahali pake ni kumwomba muuguzi agharamie mpango wa serkali kwa chakula cha watoto wake.

Kongo haijakosa watu wa kupanga. Miaka ya 1970, kule Kasongo katika Maniema, waganga wa hapa na wa Ubelgiji walijaribu mfumo wa vituo vilivyo karibu na raia, vikitegemea hospitali moja. Jaribio hilo ni kati ya yale yaliyosaidia kuzaa zoni za afya, ambazo leo ni 519. Vita vimepita juu ya zoni hizo na nyingi zimesimama, sana sana kwa sababu makanisa, wafadhili na wagonjwa wenyewe walizibeba. Serkali ilileta muhuri. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti, Kongo haijafika. Halafu mwaka 2025 Marekani ikakata misaada yake, na pengo likaonekana hata kwa asiyetaka kuliona.

Kuna jambo lingine ambalo Kinshasa inalisema kwa shida. Tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, na benki za huko zilifungwa. Wamama wa huko hawakuacha kuzaa. Serkali iseme wazi kama inawahesabu katika mpango huu au hapana, na kama ndiyo, feza zao zitapita njia gani. Ofisi za afya za makanisa zinafika hadi vijijini; njia hiyo ingeweza kuzungumzwa leo, bila kungoja mapatano ya amani.

Tunachoomba si kikubwa. Kila miezi mitatu wizara ya afya ichapishe, zoni kwa zoni, ni fakture ngapi zilipokelewa, ngapi zililipwa, na baada ya siku ngapi. Ya kila kituo ibandikwe ukutani, kando ya tangazo la chanjo, mama aisome au asomewe kabla hajaombwa kitu. Na wabunge waliochaguliwa huku, katika kikao cha Septemba ambacho ndicho cha bajeti, wamuulize waziri wa afya hesabu hizo kabla ya kupiga kura, pamoja na hii: wauguzi wangapi wa majimbo yao wataingia kwenye orodha ya mishahara mwaka unaofuata.