Kijana aandike ukurasa, mzazi ampe maneno



Juma hili tunazungumza na wazazi wa Kyela na wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi hadi Matema, ambao vijana wao wamemaliza kidato cha nne na sasa wako nyumbani, simu mkononi. Malalamiko yao tunayafahamu: bando linakwisha, usiku unakucha, na faida haionekani. Wengi huona dawa ni kumnyang'anya kijana simu. Sisi tunaona iko njia yenye manufaa zaidi, nayo ni kumfundisha yule aliyezoea kusoma kurasa za wenzake aandike ukurasa wake mwenyewe.

Kurasa za intaneti zina lugha yake ya kuandikia, nayo huitwa HTML. Chanzo chake ni Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Mwaka 1991 watu wa nje ya kituo hicho walianza kuijua kazi yake, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mfumo huo ni wa watu wote bila malipo. Kwa hiyo kijana wa Ipinda anayeanza kujifunza leo hadaiwi ada na mwenye lugha.

Wala haihitaji hesabu ngumu. Mwandishi huandika maneno yake ya kawaida, kisha huyawekea alama za kukieleza kivinjari kila fungu ni kitu gani: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. Alama hizo huitwa tagi, na hukaa ndani ya mabano ya pembe. Nyingi huja mbili mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na ile ya kufunga huwa na mkwaju. Tazama mfano huu:

<h1>Mchele wa Kyela</h1>
<p>Mchele huu umelimwa Kyela na kukobolewa msimu huu.</p>

Tagi ya h1 ni ya kichwa kikubwa, na p ni ya aya. Akiongeza a kwa ajili ya kiungo cha kwenda ukurasa mwingine, img kwa picha, na ul pamoja na li kwa orodha, kijana huyo tayari ana nguzo na boriti za nyumba yake. Rangi na mapambo yana lugha nyingine iitwayo CSS, na hayo yasubiri mpaka nyumba isimame.

Mafunzo haya hayali bando. Penye kompyuta, hata iliyochakaa, programu ndogo ya kuandikia kama Notepad yatosha. Faili huhifadhiwa kwa jina linaloishia na .html, kisha hufunguliwa kwa kivinjari palepale. Mvua za Machi na Aprili zikikata mtandao, somo linaendelea. Mwanafunzi akisahau kuifunga tagi ya kichwa, ataona maandishi yanayofuata yamekuwa makubwa kama kichwa. Hapo atarudi nyuma, atatafuta mstari kwa mstari hadi alione kosa. Ustahimilivu wa namna hiyo una thamani yake hata kwa asiyekuja kuwa fundi wa kompyuta.

Lugha hii pia haimlazimishi mtu kuandika Kiingereza. Tagi ni zilezile duniani kote, lakini maneno yaliyo ndani yake ni ya mwandishi. Akiandika lang="sw" mwanzoni, amekwisha kukijulisha kivinjari kwamba ukurasa ni wa Kiswahili. Anayetaka kuweka dua au somo la madrasa kwa herufi za Kiarabu huandika dir="rtl", na maandishi yakaanzia kulia kama inavyostahiki. Na kila picha huwekewa alt, yaani maneno ya kuieleza, ili asiyeona asomewe na simu yake picha inahusu nini.

Sasa tufike kwenye jambo linalowahusu wazazi hasa. Kijana aweza kuzijua tagi zote na bado akakosa la kuandika, kwa sababu maneno yenyewe wanayo wakubwa wake. Jina la Kyela linauza mchele katika masoko ya miji, hata mchele ambao haukulimwa Kyela. Nani ataeleza tofauti ya harufu, ya mbegu na ya upikaji, kama si mama aliyepanda, akavuna na kupika miaka yote? Nani ataeleza namna kakao inavyovundikwa na kuanikwa, kama si baba mwenye shamba? Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu Ikombe, wakavisafirisha kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema, navyo hufika mbali. Mnunuzi hakijui kijiji kilikotoka chungu chake, wala mkono uliokifinyanga. Wazee wenye habari hizi wanaondoka mmoja mmoja, na wasipoulizwa wangali hai, habari huzikwa nao.

Hatusemi kwamba ukurasa mmoja utamwondoa dalali shambani, wala kwamba kila atakayejifunza atapata ajira. Tena kuuweka hadharani kuna masharti yake. Jina linaloishia na .tz hulipiwa kwa wasajili. Anayekusudia kutangaza habari kama gazeti aulize kwanza TCRA kuhusu leseni, kwa kuwa ziko Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020. Na picha ya mtu au namba yake ya simu ni amana, haiwekwi bila ridhaa yake.

Basi tunaomba kila nyumba yenye kijana ijaribu jambo moja juma hili. Binti au mvulana akae na mama, baba au bibi yake, amuulize juu ya kazi moja anayoijua vizuri, kisha aandike majibu katika ukurasa wenye kichwa kimoja, aya tatu na orodha moja. Akimaliza, amsomee aliyemhoji, naye asahihishe palipokosewa. Mzazi asiyejua kushika kipanya atakuwa mhariri, na mtoto atatambua kwamba simu yake ina haja na elimu ya mzazi wake. Juma lijalo, inshaallah, tutaeleza namna ya kuunganisha kurasa mbili ziwe tovuti.