Alama Zimekatwa kwa Kuandika Kifupi

MSUMENO, na Mwana wa Jericho

Wiki hii nimeudhiwa, na safari hii si mtaro wa barabara yetu. (Mtaro bado uko wazi. Msiniulize.)

Nilikuwa kwenye saiba moja ya Umoja, nikingojea karatasi zangu kutoka kwa printa ambayo huchagua yenyewe siku ya kufanya kazi. Meza ya pili alikaa mwalimu wa chuo kimoja cha kompyuta akisahihisha kazi za wanafunzi, na mmoja wao alisimama kando yake, mikono nyuma. Swali lilikuwa: pitia folda zote zilizomo ndani ya folda nyingine, hadi ya mwisho kabisa, uhesabu faili, utafute jina, ufute zilizochakaa.

Kijana aliandika fanksheni moja ya kutembea, unayoiambia kazi ya kufanya ikifika kwenye kila folda. Haikujaza hata skrini. Mwenzake alileta kurasa tatu: fanksheni ya kuhesabu, ya kutafuta na ya kufuta, na ndani ya kila moja mzunguko ule ule wa kushuka na kupanda, umenakiliwa hadi koma. Mwenzake alipata alama zote. Huyu alikatwa.

"Mwalimu, lakini inafanya kazi," akasema kwa adabu.

"Inafanya, lakini hii ni ya watoto. Kazi lazima ionekane kazi."

Nikasonya. Kwa sauti. Wasomaji wa zamani mnajua niliwahi kulipwa kwa kuandika programu, kabla sijapewa barua na kipande cha keki siku moja. Kisa hicho sikirudii.

Mwalimu, kile ulichokipa alama zote ndicho kilichofutwa kwenye Linux, kerneli (yaani kiini cha mfumo endeshi) aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo leo iko ndani ya kila simu ya Android inayolia kwenye matatu za Kayole. Kerneli huweka majina ya faili na folda kwenye kumbukumbu kwa umbo la mti. Hadi 2013, faili ya fs/dcache.c ilikuwa na fanksheni tatu, kila moja ikiutembea mti huo kwa mzunguko wake: have_submounts, select_parent na d_genocide (jina hilo si langu, mniwie radhi). Miklos Szeredi akaandika fanksheni moja, d_walk, ikachukua kazi ya kutembea kutoka kwa zote tatu. Ikatoka na Linux 3.12. Hakuna aliyemwambia ni ya watoto.

Na kutembea huko si mchezo. Fanksheni ya kerneli haipaswi kujiita yenyewe kila inaposhuka ngazi moja, kwa sababu kwenye mashine za kawaida za biti 64 ina staki, yaani nafasi yake ya kazi, ya kilobaiti 16 tu. Mti ukienda chini sana, nafasi inaisha na mashine inaanguka. Kwa hiyo d_walk hufanya kama keateka wa ploti zetu anayekusanya pesa za takataka. Haandiki popote alikopita. Kila mlango unajua ngazi zake, naye akimaliza hurudi kwa ngazi hizo hizo na kubisha mlango unaofuata. Je, mpangaji akihama usiku, godoro kichwani, keateka akiwa bado juu? Hesabu imeharibika. Anaanza upya, ila mara ya pili anafunga geti kwanza. Ndivyo ilivyo: d_walk hupita mara ya kwanza bila kuzuia folda zisihamishwe; ikigundua folda imehamishwa katikati na njia ya kurudi haiaminiki, hurudia ikiwa imeshika kufuli inayoitwa rename_lock.

Sasa uwe na ujanja huo katika nakala tatu, na hitilafu ipatikane kwenye moja. Nani atakumbuka kurekebisha zile mbili? Yule wa kurasa tatu?

Wenye kerneli hawakuishia hapo. Miaka kumi baadaye Al Viro, mmoja wa wasimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli, alirudi kwenye mti ule ule, akabadilisha orodha ya watoto wa kila folda, akaokoa kielekezi kimoja kwa kila jina, yaani baiti 8, na d_walk ikazidi kusomeka. Hiyo ni Linux 6.8, ya 2024.

Chanzo cha ugonjwa wetu nakijua. Tangu shule ya msingi insha zetu zilipimwa kwa kurasa, na vyuo vya mtaani vimegundua kwamba mzazi akionyeshwa rundo la karatasi huamini karo imefanya kazi.

Basi wazazi wa Kayole, Dandora na Umoja, mkiitwa siku ya maonyesho, mwombeni mwalimu afungue fs/dcache.c. Iko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Akishindwa kuwaeleza d_walk, daini karo yenu kabla ya soda kuletwa.