Besiboli: Kwa nini mkimbiaji anaruhusiwa kupitiliza kituo cha kwanza?

Besiboli inarudi kwenye Olimpiki mwaka 2028 mjini Los Angeles, baada ya kukosekana Paris mwaka 2024. Kwetu ni mchezo wa wachache, lakini si mgeni. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League nchini Marekani. Dar es Salaam nako kuna uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani.

Wanaoanza kuufuatilia mchezo huu hukwama mara nyingi kwenye kituo cha kwanza, kwa hiyo leo tunaanzia hapo.

Mpigaji akishaupiga mpira hutupa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza, umbali wa futi 90, yaani zaidi kidogo ya mita 27. Mlinzi aliyekanyaga kituo akiudaka mpira kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji ametolewa. Mkimbiaji akitangulia, amesalimika.

Kwenye kituo cha pili na cha tatu, mkimbiaji akiachia kituo anaweza kuguswa kwa mpira na kutolewa. Ndiyo maana huteleza chini ili asipitilize. Kwenye kituo cha kwanza, mpigaji anaruhusiwa kukikanyaga na kupitiliza kwa kasi, mradi arudi mara moja. Bila ruhusa hiyo angelazimika kupunguza mwendo hatua kadhaa kabla ya kufika, na mbio zenyewe zisingekuwa na maana.

Je, ni lazima ageukie kulia?

Wengi huamini kwamba akigeukia kushoto, upande wa uwanja, kinga yake imekwisha. Kanuni haisemi hivyo. Mwamuzi anaangalia kama amejaribu kwenda kituo cha pili. Akigeukia kushoto na kurudi moja kwa moja, yuko salama. Akijaribu kukimbilia kituo cha pili kisha akabadili mawazo, anaweza kuguswa na kutolewa, hata kama mwanzoni aligeukia kulia. Na akidhani ametolewa, akaanza kwenda kukaa na wenzake bila kurudi kituoni, wapinzani wanaweza kudai atolewe.

Kituo hiki kina utata mwingine. Kimewekwa ndani ya mstari wa uwanja, lakini nusu ya mwisho ya njia ya mkimbiaji ilikuwa nje ya mstari huo. Mwaka 2019, katika mchezo wa sita wa fainali ya ligi kuu ya Marekani, Trea Turner wa Washington Nationals alitolewa kwa kosa la kumzuia mlinzi kuudaka mpira alipokuwa akikimbia nje ya njia hiyo. Kocha wake, Dave Martinez, alibisha hadi akatolewa uwanjani. Timu yake ilishinda hata hivyo, lakini malalamiko hayakuisha.

Ligi hiyo imerekebisha mambo mawili. Mwaka 2023 vituo vilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, jambo linalompa mlinzi na mkimbiaji nafasi zaidi ya kuepuka kugongana. Mwaka 2024 njia ya mkimbiaji nayo ilipanuliwa kuingia upande wa ndani wa mstari. Kwenye softiboli, ndugu wa besiboli, kuna mashindano yanayotumia kituo cha kwanza cha rangi mbili: nyeupe ya mlinzi, na ya rangi nyingine ya mkimbiaji.

Shule zetu hazihitaji vifaa vipya ili kuitumia kanuni hii vizuri. Mwalimu anayewaambia watoto wageukie kulia anawapa tahadhari njema, maana mwamuzi hatawashuku. Lakini mwamuzi anayemtoa mtoto kwa sababu tu amegeukia kushoto anamdhulumu.