Mada Kuu si Milki ya Wanaume

Yeyote aliyehudhuria makongamano ya wasomi anaifahamu desturi hii: wanaume hutoa mada kuu, na mwanamke hupewa kazi ya kukaribisha wageni au kutoa neno la shukrani. Kamati zikiulizwa sababu, mara nyingi hujibu kwamba wanawake wenye sifa hawapatikani. Hoja hiyo ni potofu, na Morogoro ni ushahidi tosha.

Katika milima ya Uluguru, ukoo na haki ya shamba tangu kale zimefuata upande wa mama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilikiri kwamba wanawake wa vijijini pengine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Chini ya milima hiyo kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984. Humo ndimo Profesa Susan Nchimbi-Msolla alimojipatia sifa kwa utafiti wa mbegu bora za maharage, na Profesa Joyce Kinabo kwa elimu ya lishe. Profesa Penina Muhando, bingwa wa tamthilia, ni mzaliwa wa Berega, mkoani humo humo. Je, ni nani basi asiyepatikana?

Ni kweli kwamba maprofesa wanaume bado ni wengi zaidi. Lakini uchache si sababu ya kunyamazishwa. Anayealikwa kutoa mada kuu hujulikana, hupata wenzi wa utafiti, na jina lake huwa na uzito anapoombewa cheo. Asiyealikwa leo, kesho ataambiwa kwamba hajulikani!

Chanzo cha kasoro hii ni namna majina yanavyoteuliwa. Wanakamati hukaa, na kila mmoja humtaja aliyesoma naye au anayefanya naye kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza vikao 460 katika mikutano mikubwa miwili ya wanasayansi wa vijidudu. Vikao vilivyoandaliwa na wanaume watupu vilikuwa na wanawake asilimia 25 tu kati ya watoa mada. Pale alipokuwapo hata mwandalizi mmoja mwanamke, walifikia asilimia 43. Wanawake walikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni wa kuwataja.

Kwa hiyo dawa si hotuba za kila tarehe 8 Machi. Kamati isiyo na mwanamke isiidhinishwe. Orodha ya watoa mada ipimwe kabla barua za mwaliko hazijatumwa, si baada ya ratiba kuchapwa. Mama anayenyonyesha agharimiwe nauli ya mlezi wa mtoto. Na msomi mwanamume akialikwa kwenye jopo la wanaume watupu, akatae na ataje jina la mwanamke anayestahili.

Wakuu wa vyuo na maofisa wa wizara ndio wanaotia saini fedha za makongamano hayo. Kalamu wanayo mkononi. Taifa linalosikiliza nusu ya wasomi wake limekubali kwa hiari kupata nusu ya elimu yake.